Usimpime Mwenzako kwa Desemba

Mimi ni fundi cherehani, Tabata, na kazi hii inanikutanisha na mapenzi yakiwa yamevaa vizuri. Sare za kitchen party, magauni ya send-off, vitenge vya wanakamati, mashati ya vijana wa upande wa bwana harusi, vyote vinapita mezani kwangu, hasa miezi ya mwisho wa mwaka. Januari ikiingia, mteja yule yule aliyekuja Novemba akitaka gauni liburuzike nyuma yake anarudi na sketi ya shule ya mtoto. Anaomba niache upindo mrefu ili ifike mwaka mwingine, na malipo tungoje mshahara.

Kwa hiyo wasichana wanaokuja kupimwa wakiniuliza, "Dada, nitajuaje kama huyu ndiye?", nami huwauliza: Januari iliyopita mlikuwa wote? Kama hamkuwa wote, usiwe na haraka. Kama mlikuwa wote, hebu niambie alikuwaje.

Wengi hucheka, wanadhani natania. Lakini fikiria Desemba yetu ilivyo. Vikoba vinavunjwa, watu wanagawana walichoweka mwaka mzima. Kariakoo huna pa kukanyaga. Stendi ya Magufuli pale Mbezi imejaa watu wa Moshi, Arusha na Bukoba wanaorudi kwao na mabegi mapya. Kila mtu ana hela, au ameshika hela ya mwenzake. Mwanaume wa Desemba anakupeleka Coco Beach mkale mihogo, anamtumia mama yako hela ya kuku wa sikukuu. Mwanamke wa Desemba amesuka, ananukia, hanuni, na kila unachomwambia anakicheka.

Sikukuu zikipita, mambo yanakuja kwa mkupuo. Kodi ya nyumba, ambayo wenye nyumba wengi hapa Dar wanaitaka ya miezi sita au mwaka mzima. Ada, kwa wenye watoto shule za binafsi. Hata mwenye mtoto shule ya serikali, ambako ada iliondolewa kuanzia Januari 2016 mpaka kidato cha nne, bado anatafuta sare, viatu, begi na madaftari, na kiatu cha mwaka jana hakiingii. Juu ya hayo kuna madeni ya Desemba yenyewe.

Sisemi utafute mtu mwenye hela Januari, maana wenye hela Januari tunawajua na si wengi. Angalia anavyokuwa akiwa hana. Kuna anayekwambia, "Sina kwa sasa, mpaka tarehe 25," na tarehe hiyo ikifika anaanza yeye kukutafuta. Kuna anayezima simu. Kuna anayekutafutia kosa mnuniane, apate sababu ya kutopokea simu mpaka mshahara utoke. Hawa nimesimuliwa mpaka nimewachoka, na bado kila mwaka anatokea dada anayedhani wa kwake ndiye wa kwanza. Halafu kuna yule anayekwenda kuchukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, ili asionekane ameishiwa. Anakulipia kusuka na kucha, Machi wenye hela yao wanakuja kubeba televisheni. Huyo watu humsifu kwamba anajali. Mimi namwogopa kuliko aliyezima simu.

Na dada zangu, nasi tunapimwa. Mwanaume aliyekwambia ana ada ya wadogo zake wawili, ukamtumia picha ya viatu tarehe 8 Januari na emoji ya kulia, ameshajua anaingia kuishi na nani.

Matarajio mengi yanayovunja nyumba si mabaya yenyewe. Ila hayalingani na alicho nacho mwenzako, kama mteja anayekuja na kitambaa cha mita mbili na picha ya gauni la mita tano aliyoitoa kwenye simu. Nikimwambia abadilishe mshono au akaongeze kitambaa, ananiona sijui kazi. Anataka nikate tu. Anayekata bila kusema ndiye anayepata wateja wengi mwanzoni, na ndiye wanayegombana naye siku ya harusi.

Hela yake inaingiaje?

Watu wanaulizana mshahara. Swali hilo hujibiwa uongo mara nyingi, na hata likijibiwa kweli halikusaidii sana. Mimi naona ujue hela yake inaingia lini, inaingia kwa kiasi gani kwa mara moja, na nani ameshaisubiri kabla yako.

Mtumishi aliyeajiriwa juzi akitokea chuo kikuu anaonekana ana uhakika, na kweli ana uhakika wa tarehe. Lakini kama alisoma kwa mkopo wa serikali, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi, na hapo hujagusa kodi ya mapato wala mfuko wa hifadhi ya jamii. Ukipiga hesabu kwa kile kilichoandikwa kwenye barua ya ajira utamtarajia mtu ambaye hayupo. Piga kwa kile kinachofika benki.

Dereva wa bodaboda ni kinyume chake. Kila jioni ana hela mkononi, kwa hiyo mboga, vocha na luku havimsumbui. Lakini kila siku kuna hesabu ya tajiri mwenye pikipiki, na ukimwambia atoe kodi ya miezi sita kwa mkupuo anakutolea macho. Hana siku ambayo hela hiyo yote imekaa pamoja. Ukiolewa na mtu wa aina hiyo, kibubu ni kifaa cha ndoa kama kitanda. Inaingia buku mbili, inaingia buku tano, mnavunja siku ya kodi. Nyumba nyingi zinazoonekana zina mume asiyejali kodi, nikisikiliza vizuri nakuta hazina kibubu.

Mkulima wa korosho kule Mtwara na Lindi hela yake inasubiri minada, ambayo kwa kawaida huanza Oktoba. Desemba yake ni Desemba kweli kweli. Ukimdai mambo makubwa Julai unamfundisha kukopa kwa kuweka rehani korosho ambazo bado ziko mtini. Mvuvi wa dagaa Ziwa Victoria anavua kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka anakaa nyumbani akishona nyavu, na hela nayo inakaa. Mke wake anayejua kalenda ya mwezi hagombani naye wiki hiyo. Anayemlinganisha na shemeji anayefanya kazi ofisini anagombana naye kila mwezi, bila kukosa.

Watu wanaoniambia "mwanaume lazima ahudumie" huwa nawakubalia, kisha nawaambia sheria imesemaje, maana wengi wanaitaja bila kuijua. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 63, inampa mume wajibu wa kumtunza mke: malazi, mavazi na chakula. Lakini imeweka kipimo, kwamba iwe kwa kadiri inavyofaa ukitazama uwezo wake na hali yake ya maisha. Waliotunga sheria hawakumpima kwa uwezo wa jirani. Na kifungu hicho hicho kinamwambia mke mwenye uwezo amtunze mumewe pale mume anapokuwa hajiwezi kutafuta riziki kwa sababu ya kuumia au maradhi. Hiyo sehemu ya pili sijawahi kuisikia ikitajwa kwenye kitchen party yoyote.

Jambo moja zaidi la hela, ambalo ndilo linalowasha moto zaidi ya yote: kwao. Kijana aliyesomeshwa na mjomba hawezi kuacha kumtumia mjomba hela kwa sababu ameoa, na ukimlazimisha atamtumia kwa siri. Mwanamke aliye kifungua mimba, mwenye mama mjane Singida, hivyo hivyo. Hilo halitaisha, halitapungua sana, na mwezi wa Januari litaongezeka. Unachoweza kutarajia ni kujua kiasi na kujua mapema. Ukiona unataka mtu asiye na kwao, tafuta mtu asiye na kwao, ila kaa ukijua siku ukiumwa atakuuguza peke yake.

Kazi ya ukoo mzima kwa mtu mmoja

Nashona sana sare za kitchen party, kwa hiyo huwa naalikwa. Nimesikia mafundisho mengi. Mengine ya maana, mengine ya kuchekesha, mengine yalitakiwa yazikwe na aliyeyaanzisha. Binti anaambiwa awe mama wa mumewe, dada yake, rafiki yake, hawara yake na mhasibu wake. Hakuna anayegeuka upande wa pili kuuliza kaka wa watu naye ameambiwa nini huko aliko. Kwa kawaida ameambiwa ajiandae kwa gharama, basi.

Pwani kwetu zamani mwari alikuwa na somo, yaani mwanamke wa kumfunda, na somo hakuishia siku ya harusi. Ukigombana na mume unakwenda kwa somo. Ukitaka kujua mambo ya chumbani unamuuliza somo. Mwanaume naye alikuwa na baraza, wazee wa kahawa, shemeji wa kutaniana naye, mshenga aliyeposa na ambaye bado aliweza kumwita pembeni akamwambia, "Hapa umekosea." Mtu alimaliza nusu ya maudhi yake kabla hajafika mlangoni. Sisi tumepanga vyumba viwili Kinyerezi, hatumjui jirani, somo amebaki mtu wa kukodiwa kwa saa tatu za kitchen party akicheza ngoma, na mshenga ni rafiki wa chuo ambaye namba yake imebadilika. Kisha yale yote yaliyobebwa na watu kumi tunamtwisha mmoja. Anisikilize, anichekeshe, anishauri kazi, aombe na mimi, acheze na mimi, anisomee nilichonyamazia, aniposti.

Mimi simlaumu anayetaka hayo. Nataka agawe. Mambo ya kazi yangu namweleza fundi mwenzangu wa jirani, maana mume wangu ukimwambia habari ya mteja aliyekataa ukosi anasinzia. Umbea wangu ninao na wifi yangu, na siku hizi wifi ndiye mtu ninayemsubiri kwa hamu kuliko wote. Mume nimembakizia yale ambayo ni yake peke yake, na hayo siyagawi kwa mtu.

Hili la kuposti tulimalize haraka: mwanaume kutokukuweka kwenye status peke yake si ushahidi wa kitu. Kukuficha kwa mama yake na rafiki zake mwaka wa pili, huo ni ushahidi.

Dereva wa lori na simu zake

Mume wangu anaendesha lori, Dar mpaka Tunduma, na safari nyingine anavuka Zambia anakwenda Kongo. Nilipokubali posa yake watu wa kwetu waliniambia madereva ni fulani na fulani. Sikuwa na hamu ya kubishana. Nilitaka kujua kitu kimoja: mtu ambaye atakuwa hayupo wiki kadhaa kila mara, namtarajia nini?

Simu ndefu za usiku haziwezekani. Akiwa anaendesha haongei, akipaki amelala, akiwa foleni ya mpakani ana hasira. Na hata akiwa nyumbani si mtu wa maneno. Kumdai maneno matamu mtu aliyekaa kwenye usukani kutwa ni kutafuta ugomvi wa bure. Lakini kukaa gizani nako sikuwa tayari, kwa sababu barabara ile naijua. Ajali za mlima Kitonga zinatangazwa redioni mwanamke ukiwa umeshika mkasi.

Tukakubaliana vituo. Akitoka mzani wa Vigwaza, ujumbe. Akishamaliza kupanda Kitonga, ujumbe. Akifika Tunduma, anapiga, hata kwa dakika moja. Akivuka mpaka, anitajie laini anayotumia. Ujumbe wake una neno moja, wakati mwingine halina hata herufi zote: "Ktnga." Mdogo wangu aliwahi kuuona akasema angekuwa yeye angeshaondoka. Mimi nililala usingizi mzito usiku ule.

Ninachotaka ukichukue hapo ni kwamba matarajio yangu niliyapunguza upande mmoja na kuyakaza upande mwingine. Maneno nimeyasamehe. Ule ujumbe wa Kitonga siusamehi, na yeye anajua. Akisahau, akifika Makambako anakuta simu zangu zimejipanga. Dai dogo, linalojulikana saa yake, ambalo mtu wa aina yake anaweza kulitimiza hata akiwa na siku mbaya, ni rahisi kulisimamia bila kupiga kelele. "Uwe unanijali" huwezi kulisimamia. Yeye atasema anajali, wewe utasema hajali, na wote mtakuwa na ushahidi.

Kaka zangu

Wanaume huja kushonesha suti na mashati ya kitenge, na wao huongea kuliko mnavyodhani, ila huanza kwa kumsema mtu mwingine. "Kuna jamaa yangu mke wake siku hizi hacheki." Basi namuuliza mke wa huyo jamaa anaamka saa ngapi. Anaamka saa kumi usiku, maana anaishi Chanika na kazi yake iko Posta. Anapanda gari mbili. Anarudi saa mbili usiku, anakuta watoto hawajaoga, dada wa kazi ameondoka wiki iliyopita. Anapika. Halafu jamaa anamtarajia awe yule msichana wa Coco Beach.

Kaka, mama yako, unayemtolea mfano, huenda alilima na kupika kutwa, kweli. Lakini shamba lilikuwa nyuma ya nyumba, bibi yako alikuwa jikoni, na shangazi zako walikuwa wanabebana na watoto. Hakukaa saa mbili amesimama kwenye mwendokasi ndipo aanze kusonga ugali. Kama unataka mke anayechangia kodi, na wengi wenu siku hizi mnataka, basi hesabu ya nani anaosha vyombo inabadilika, vinginevyo umechukua mishahara miwili na mfanyakazi mmoja.

Wale wanaosema kazi za nyumbani hazina thamani, Mahakama ya Rufani ililijibu hilo mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Ilikubali kwamba kazi ya mke ya kutunza nyumba nayo ni mchango katika mali ya ndoa. Nawaambia wanawake wamalizie kuisoma pia, kwa sababu Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo: mahakama iliona fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya biashara ya familia alizitapanya. Kesi moja imewasema wote wawili, ndiyo maana naipenda.

Yasiyoshushwa

Naogopa mtu akisoma makala kama hii akaelewa kwamba kila kitu ni cha kuvumilia. Tuna misemo mingi sana ya kumvumilisha mwanamke, na misemo hiyo imezika watu. Kupigwa hakuna Januari. Sheria ile ile ya 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake wa ndoa kwa kumpiga, hata kama mila za kwao zinasemaje. Mtu akikuinulia mkono huna haja ya kuchunguza hela yake inaingiaje. Ondoka kwanza, mazungumzo yatakukuta kwenu au polisi kwenye dawati la jinsia.

Kukutukania wazazi, kukudhalilisha mbele ya watoto, kuwa na mke mwingine ambaye hukuambiwa, kubeti kodi ya nyumba na kurudia tena: haya hayamo kwenye hesabu ya mita za kitambaa. Mtu maskini anaweza kutokufanya yote haya, na tajiri anaweza kuyafanya. Kwa hiyo usiseme "hali ngumu". Hali ngumu haimfanyi mtu awe na familia Morogoro.

Na yule wa "atabadilika tukishaoana" ninaye karibu kila msimu. Ndoa inaongeza gharama na inapunguza usingizi. Sijui kwa nini tunaamini vitu viwili hivyo vitamfanya mlevi aache pombe. Wapo walioacha, nawajua, lakini waliacha kabla, au waliacha kwa sababu zao wenyewe, ini lilipowasema. Ukiolewa na mnywaji, panga maisha yako kama mtu aliyeolewa na mnywaji. Akija kuacha, utafurahi kama aliyeokota. Kama mpango huo unakutisha, basi jibu unalo tayari na gauni bado halijakatwa. Lawama za kamati ya harusi zinaisha haraka kuliko unavyodhani, na michango inarudishwa au inageuzwa.

Kuna vitu ambavyo ni vya kuulizana kabla, kwa maneno, mchana, mkiwa mmeshiba. Una mtoto mahali? Unadaiwa na nani? Mama yako akiugua ataletwa kwetu au atakwenda kwa dada yako? Watoto watafuata dini gani? Nikipata kazi Dodoma itakuwaje? Mnaweza msikubaliane, na hilo si msiba. Msiba ni kulijua la mtoto siku mwalimu anapopiga simu akitafuta mzazi.

Walioko ndani ya ndoa tayari huniuliza kama wamechelewa. Sioni hivyo, ila wao wanakuwa na orodha ndefu na wanaimwaga yote usiku mmoja, tena kwa sauti ya voisi ya dakika saba. Chukua moja. Lile linalokukera kila wiki, si lile kubwa kuliko yote. Liseme kama kazi yenye siku yake: "Kuanzia mwezi huu hela ya kodi iwe inaingia kwenye kibubu kila Jumamosi," au "Jumapili jioni watoto uwaogeshe wewe." Usiseme akiwa ndiyo kwanza ameingia mlangoni, wala mbele ya mama mkwe. Mimi la kwangu huwa nalisema lori likiwa gereji, kwa sababu siku hizo hana pa kukimbilia na hana haraka. Mpe miezi miwili mitatu. Likishika, leta la pili, na hapo muulize na yeye la kwake ni lipi. Wengi hawajawahi kuulizwa na watakujibu "hakuna", halafu kesho yake watalikumbuka.

Lisiposhika, tafuta wa kukaa kati mapema: mzee mnayemheshimu wote, mchungaji, shehe, mshenga kama bado yupo. Baraza la usuluhishi wa ndoa lipo pia, na kwa kawaida mahakama haipokei shauri la talaka mpaka mmepita huko. Tatizo ni kwamba watu wanalijua siku wanapotaka hati ya kwenda mahakamani, wakati baraza lile lilikuwa wazi hata mwaka wa kwanza wa ugomvi. Ukienda mapema, nenda na lile moja ulilolisema, siku uliyolisema, na kilichofanyika tangu hapo.